Dole la Mwenyeji

Jumatatu moja asubuhi mgeni alipiga hodi katika ofisi yetu, nasi hatukuwa tumejiandaa hata kidogo, kwa sababu ofisi yetu ni ya kuhudumia wananchi.

Ilikuwa imepita miaka miwili tangu mwananchi wa mwisho aonekane mlangoni. Huduma zote zilikuwa zimehamia kwenye simu, na kiti cha wageni tulikuwa tumekiwekea ua la plastiki. Nilikuwa nalifuta vumbi ua hilo, jukumu langu la pili kwa ukubwa, niliposikia sauti ya mwanamke nje: "Hodi!"

"Karibu," nikajibu.

Sikufikiri. Mtu aliyelelewa na bibi hafikiri kabla ya kuitikia hodi, kama vile hafikiri kabla ya kufumba macho vumbi linapokuja. Lakini mkurugenzi wetu, Bwana Kasigwa, aliinuka kitini kama aliyekalia kaa la moto.

"Umesema nini, wewe kijana?"

"Nimesema karibu, Mkurugenzi."

"Kwa mdomo? Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Kuna jinsi nyingine?"

"Unakohoa!" akanong'ona kwa hasira. "Miaka mitatu upo hapa, hujajifunza kukohoa?"

Inanibidi nieleze. Nchi yetu, ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa limepelekwa kwa mshauri mwelekezi lifupishwe lienee kwenye skrini ya simu, ilipoanza Mageuzi iliwaagiza wataalamu waheshimu mila zetu. Wataalamu wakaziheshimu kwa kuzipa namba. Hodi ikawa Kanuni ya 40. Karibu ikawa Kanuni ya 41, isemayo kwamba mtumishi atakayemwitikia mgeni kwa sauti atahesabiwa kuwa mwenyeji wake, naye atawajibika kwa mgeni huyo mpaka atakapokuwa amemsindikiza hadi kwa mtu mwingine atakayemwambia karibu. Ndiyo maana watumishi wazoefu wakisikia hodi hukohoa tu. Kikohozi bado hakijapewa namba.

Mimi sikuwa mzoefu. Naitwa Mwinjuma, nina shahada ya Maendeleo ya Jamii, daraja la pili la juu, na nilikuwa mtarajali katika Kituo cha Wilaya cha Ajira Iliyokamilika. Niliipenda kazi yangu. Niliamini, na sioni haya kusema, kwamba nchi ni kama mgonjwa aliyelazwa, na kila mtu akimpa kijiko kimoja cha uji atapona.

Mlango ukafunguka. Akaingia mama wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, amebeba begi lililofungwa kamba ya katani. Alivaa gauni la bluu la kazi za ndani, na kifuani palikuwa pamedariziwa jina kwa uzi mweupe: LULU.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Karibu kiti, Bi Lulu." Nikaliondoa ua.

"Marahaba, baba. Ahsante kwa kiti. Lulu siye mimi."

"Lulu ni nani, basi?"

"Lulu ni mfanyakazi wa nyumba niliyokuwamo. Kabla yangu alikuwapo Lulu, na hivi tunavyoongea yupo Lulu. Tajiri alisema hana muda wa kujifunza majina mapya kila mara." Akakaa, akanyoosha miguu. "Mimi ni Sikudhani binti Mfaume, wa hapa hapa, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha pamba. Nimerudi jana kutoka ng'ambo. Nimekuja mniandike kwamba nimerudi."

Bwana Kasigwa alianza kukohoa, lakini alikuwa amechelewa.

*

Kiwanda alichokitaja kilikuwa cha serikali, na watu mia tisa walichambua pamba mle. Katika Mageuzi kikauzwa kwa mwekezaji. Wiki ya kwanza mwekezaji akaondoa mashine, wiki ya pili akaondoa bati za paa, na wiki ya tatu akajiondoa yeye mwenyewe. Zikabaki kuta. Serikali, isiyopenda kuona kitu kinapotea bure, ikarudisha bati upande mmoja na kupafanya Kambi ya Maandalizi, ambamo wasichana wanafundishwa kwa miezi mitatu kufagia, kupiga pasi na kunyamaza, kisha wanasafirishwa ng'ambo.

Siku ya ufunguzi Waziri wa Ajira Iliyokamilika, Mheshimiwa Dakta Dakta Gwassa, alisema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari langu, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nayaona mazuri: "Ndugu wananchi! Wakoloni walitufanya tuuze pamba ghafi. Leo tunauza mchambua pamba mwenyewe, akiwa ameoshwa, amefundishwa na kufungashwa! Huku ndiko kuongeza thamani!"

Watu walipiga makofi. Baadhi yao walikuwa wazazi.

Kuanzia hapo ukosefu wa kazi ulipungua kwa kasi ambayo hata majirani zetu walituonea wivu. Aliye ng'ambo alihesabiwa kuwa ana kazi. Aliye nyumbani na ana simu yenye programu yetu ya Ajira Mkononi alihesabiwa kuwa mjasiriamali wa kidijitali. Asiye na simu hakuhesabiwa, kwa sababu hesabu ilifanyika kwa simu. Na wale waliorudi kutoka ng'ambo ndani ya sanduku, na hao walikuwapo, wawili au watatu kila mwezi, hawakuandikwa kuwa wamerudi, kwa maelezo kwamba hawatafuti kazi. Kwenye Mfumo, yaani kompyuta ya serikali yenye majina yetu sote, wanaendelea kufagia mpaka leo.

Kwa njia hii wilaya yetu ilibakiwa na mtu mmoja tu asiye na ajira, naye alikuwa mimi. Mtarajali hana ajira, anaitarajia. Ijumaa ya wiki ile, saa nne asubuhi, Waziri alikuwa aje uwanjani kunikabidhi barua ya ajira mbele ya umati, na wilaya ifike Sifuri, ya kwanza nchini. Barua ilikuwa tayari kwenye fremu. Keki ya umbo la sifuri ilikuwa imeagizwa, kubwa kama tairi la trekta, yenye tundu katikati. Bwana Kasigwa alikuwa ameahidiwa kuhamia makao makuu.

"Kwa hiyo unaona, mama," akamwambia Bi Sikudhani huku akichokonoa meno kwa pini ya kubania karatasi, "wewe ukirudi wiki hii, tunakuwa na mtu mmoja asiye na kazi. Sifuri inaharibika."

"Lakini nimesharudi, mzee."

"Kimwili," akasema Bwana Kasigwa. "Sikatai. Kimwili umerudi. Lakini kwenye Mfumo uko kazini, unafanya vizuri, na nakupongeza. Huwezi kuwa hapa."

"Kama sipo, mzee, hii njaa ni ya nani?"

Bwana Kasigwa aliitazama pini yake, akaipangusa kwenye tai, akaichomeka tena kwenye faili la mwananchi mmoja.

"Rudi Jumatatu ijayo. Jumatatu nitakuandika wewe na vitukuu vyako."

"Jumatatu mwanangu atakuwa ameshaondoka," akasema Bi Sikudhani.

*

Mwanawe aliitwa Mwanaidi, ana miaka kumi na saba, ambayo Mfumo huikadiria kuwa ishirini ili kurahisisha hesabu. Mama alimwacha akiwa na miaka sita, kwa dada yake, na dada alifariki mwaka jana. Miaka minne iliyopita tajiri alimnyang'anya Bi Sikudhani simu, na tangu hapo hawakuwasiliana tena. Msichana akakua na wazo moja tu kichwani. Akajiandikisha Kambini. Basi lao lilikuwa liondoke Ijumaa saa tano.

"Anakwenda kufanya kazi?" nikauliza.

"Anakwenda kunitafuta mimi," akasema.

Habari hizo Bi Sikudhani alipewa na jirani wa zamani aliposhuka stendi jana yake, akaenda moja kwa moja hadi geti la Kambi, na begi lake, kabla hata ya kwenda kuona nyumba. Mlinzi akamwambia aweke dole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Wasichana mle ndani wamechukuliwa simu zao, ili wazoee, kwa hiyo hata salamu haikuweza kupita.

Nikafungua faili la Mwanaidi kwenye kompyuta. Hapa niseme kwamba Mageuzi yetu hayakusahau radhi. Kila mtu kwetu anajua mtoto hasafiri bila radhi ya mzazi. Akisafiri hivyo, mkosi humfuata kama kivuli. Wataalamu wakaiwekea kisanduku. Mzazi aliyepo nchini anaulizwa. Mzazi aliye ng'ambo haulizwi. Mfumo unamwekea alama ya ndiyo wenyewe, kwa hoja kwamba aliyetangulia hawezi kumkataza anayefuata.

Nikamsomea: "Radhi ya mzazi: imetolewa."

"Nani kaitoa?"

"Wewe, mama. Tarehe mbili."

"Tarehe mbili," akasema polepole, "nilikuwa nimefungiwa bafuni. Siku tatu. Nilivunja bakuli." Akatazama mikono yake kama inayoweza kumjibu. "Hao wanaompokea mwanangu, baba, ninawajua. Nimeziosha nguo zao za ndani miaka kumi na moja. Simtoi. Nimekuja kwa miguu yangu kusema simtoi, na mnaniambia nimeshasema ndiyo."

Nikamwambia asijali, nitamwandika mara moja. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Nikasogeza mashine ya alama za vidole, naye akaweka dole gumba. Mashine ikafikiri. Ikaandika: SAMAHANI, KIDOLE HIKI HAKINA MTU.

Tukajaribu cha pili. Cha tatu. Vyote kumi. Nikaushika mkono wake nione. Ncha za vidole zilikuwa laini na zinang'aa kama yai lililomenywa, bila mstari hata mmoja.

*

Fundi wa Mfumo, Bwana Lameki, alikuwa mtu mwema mwenye suruali yenye mifuko mingi isiyo na kitu. Alivigeuza vidole vya Bi Sikudhani chini ya taa.

"Mama, ulikuwa unasugulia nini?"

"Dawa ya choo. Ya sakafu. Ya madirisha. Kulikuwa na moja ya masinki, ukiimwaga inatoa moshi."

"Glavu?"

"Glavu zilikuwapo. Zilikuwa za mbwa, akipelekwa kuogeshwa."

Lameki akaurudisha mkono ule mezani taratibu, kama kitu cha kuazima.

"Nawaona wengi hivi," akaniambia. "Wavunja kokoto, wapiga matofali, mafundi saruji. Mfumo hauwaoni. Madole mazuri kabisa wilaya hii ni ya Mkurugenzi. Yamechongeka, unaweza kuyahesabu mistari. Mfumo unamtambua vizuri zaidi mtu ambaye hajawahi kushika kitu."

"Kwa hiyo wafanyakazi hawawezi kuandikwa katika mfumo wa wafanyakazi?"

"Wanaandikwa kabla ya kufanya kazi," akasema Lameki. "Wakishafanya, ndiyo basi."

Tukaandika barua makao makuu kupitia Mfumo. Jibu likaja Jumanne, la upole sana: Ndugu Sikudhani arudi ng'ambo, athibitishiwe na mwajiri wake kwamba ameondoka, kisha aje. Jumatano tukaandika tena. Jibu likasema ombi lake limekataliwa kwa kuwa limetumwa kutoka ndani ya nchi, na mwombaji hayupo ndani ya nchi.

Siku zote hizo alilala chumbani kwangu, nami kwa jirani. Kanuni ya 41 haitaji kitanda, lakini bibi yangu, aliyeitangulia kanuni hiyo, angenisuta kutoka kaburini. Asubuhi nilikuta amefagia chumba, amepiga pasi shati langu na kulitundika.

"Mama, wewe ni mgeni. Usifanye kazi."

"Mikono haijui, baba. Bado inadhani ni ya Lulu." Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza. "Shati lako lina madoa ya wino kwapani. Msomi gani anaandikia kwapa?"

Nami nikacheka. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Hivi, wewe uliyesema karibu, utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza, mama."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mtu wako akuitikie karibu," nikasema.

Ilikuwa ahadi ndogo. Niliitoa kama mtu anavyotoa maji.

*

Alhamisi mchana Bwana Kasigwa alinifanyisha mazoezi ya kupokea barua. Yeye alikuwa Waziri.

"Unapeana mkono kidogo tu," akasema. "Usibane. Mheshimiwa ana msaidizi anayemfuta mikono kwa spiriti baada ya kila mwananchi, na spiriti imepanda bei. Halafu unasema nini?"

"Nasema, nashukuru."

"Unasema, 'Ninaishukuru serikali sikivu kwa kunisikia kabla sijasema.' Unalia machozi mawili. Matatu ni siasa." Akanitazama, sauti yake ikalainika. "Mwinjuma, mwanangu. Bibi yako aliuza shamba usome. Kesho jina lako litasomwa na kipaza sauti, mji mzima usikie. Usije ukafanya ujinga kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

Naye hakukosea kuhusu shamba. Bibi aliuza migomba yake yote, akabaki na shina moja nyuma ya choo, akasema linamtosha. Alikufa kabla sijapata kazi. Kila mara nilipoitazama ile fremu mezani, niliiona migomba.

Jioni, ofisi ikiwa inafungwa, nilimkuta Lameki anakunja nyaya zake.

"Kuna njia," akasema bila kuinua kichwa. "Sijakwambia mimi. Kanuni ya 41, kifungu kidogo cha saba. Dole la Mwenyeji. Mgeni akikosa kidole, mwenyeji aliyemkaribisha anaweka chake kwa niaba."

"Mbona hukusema Jumatatu?"

"Kwa sababu Mfumo unaamini dole moja ni mtu mmoja. Ukiweka lako moja kwake, yote kumi yanakuwa yake. Hukopeshi. Wewe utakuwa ndiye Sikudhani binti Mfaume, mwanamke, miaka arobaini na tatu, mfanyakazi wa ndani. Na Mwinjuma atabaki hana kidole."

"Na shahada yangu?"

"Shahada ni ya Mwinjuma."

"Na ajira ya kesho?"

"Lazima uweke dole ukipokea barua. Mashine itamwona Sikudhani." Akafunga mfuko mmoja mtupu. "Tena ukumbuke, mzazi aliyepo asipofika mwenyewe getini, na dole lake, kabla ya saa tano, ukimya wake unahesabiwa radhi. Maana yake kesho saa nne huwezi kuwa uwanjani. Dole lake litakuwa mkononi mwako."

Nilikaa. Ningependa kuandika kwamba niliamua haraka. Kwa kweli nilikaa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimekufa. Nilijaribu kufikiria njia ya kuwatendea mema wote: nipokee barua kwanza, niwe mtumishi, kisha niwasaidie akina Mwanaidi wa miaka ijayo, elfu kwa elfu, kutoka ndani. Hoja ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na harufu ya Bwana Kasigwa. Nikaiacha hoja hiyo mezani, nikatoka nje.

Bi Sikudhani alikuwa kwenye baraza la ofisi, begi magotini, kama mtu wa stesheni. Nikamweleza yote.

"Usifanye," akasema. "Wewe pia ni mtoto wa mtu."

"Nimeshasema karibu, mama."

"Neno tu lile. Nitakusamehe."

"Najua utanisamehe," nikasema. "Ndiyo maana siwezi."

Tukarudi ndani kwenye mashine, nikaweka dole. Mashine ikafikiri kwa muda mfupi sana, ikaandika kwa herufi za kijani: KARIBU NYUMBANI, SIKUDHANI.

Yeye aliisoma akiwa nyuma ya bega langu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia hivyo tangu ashuke kwenye ndege.

*

Ijumaa saa nne kasorobo tulianza kutembea kuelekea Kambini. Mji mzima ulikuwa uwanjani. Vipaza sauti vilikuwa vimefungwa kwenye kila nguzo ya umeme ili hata wasio na nafasi wafaidike, kwa hiyo hotuba ilitusindikiza njia nzima, nguzo hadi nguzo.

"Ndugu wananchi!" ikasema nguzo ya sokoni. "Wapo wanaotuuliza, vijana wenu wako wapi? Nami nawajibu kwa takwimu!"

"Sauti ileile," akasema Bi Sikudhani. "Alikuja kule mwaka juzi kutukagua. Alikula, akafutwa mikono, akaondoka. Mimi ndiye niliyeosha sahani."

Kwenye nguzo ya zahanati Waziri alikuwa anakata keki. Tulisikia makofi, kisha tukasikia ugomvi, kwa sababu walipogawana ilionekana sehemu kubwa ya keki ilikuwa ni lile tundu.

Getini alikuwapo mlinzi mmoja, kijana wa rika langu, amevaa sare iliyomzidi mabega. Nyuma yake, kupitia nondo, tuliliona basi limeshawashwa, na wasichana sitini wamepanga mstari uani, nywele zimenyolewa sawasawa, magauni ya bluu. Kifuani kila mmoja alikuwa na LULU.

Bi Sikudhani akanishika mkono. Vidole vyake viliteleza, akanishika tena.

"Dole," akasema mlinzi.

Nikaweka langu. Mashine ikalia. Mlinzi akasoma kishikwambi chake, akanitazama, akasoma tena.

"Sikudhani binti Mfaume ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Mwanamke?"

"Ndivyo Mfumo unavyosema."

"Miaka arobaini na tatu?"

"Nimetunzwa vizuri."

Akatazama ndevu zangu chache, akamtazama mama aliye pembeni yangu, akatazama vidole vyake. Nadhani alikuwa na mama. "Mimi siwezi kubishana na Mfumo," akasema mwishowe, akafungua geti. Kisha akasoma kwa sauti: "Mzazi amefika. Alama ya radhi imeondolewa. Tafadhali toa radhi. Kuna vitufe viwili. 'Ndiyo,' na 'Ndiyo, kwa furaha.'"

"Hakuna hapana?"

"Hapana haijawekwa bado. Iko kwenye awamu ya tatu."

"Nisipobonyeza?"

"Kisanduku kinabaki kitupu. Kikiwa kitupu, haruhusiwi kupanda."

Kwa hiyo ilitubidi tusifanye chochote, jambo ambalo nchi yetu ina uzoefu nalo mkubwa. Tulisimama bila kufanya chochote kwa dakika kumi na mbili, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Wasichana walianza kupanda, jina lilelile baada ya jina lilelile. Nguzo ya umeme iliyokuwa juu yetu ikakwaruza.

"Na sasa," ikasema kwa sauti ya Bwana Kasigwa, "kijana wetu wa mwisho! Mwinjuma! Apite mbele!"

Makofi.

Saa tano ilipogonga, msichana mmoja alibaki chini ya ngazi ya basi. Dereva alimpungia mkono aondoke. Alibaki amesimama wima, mikono nyuma, kama walivyofundishwa. Miezi mitatu alikuwa amejiandaa kwenda kumtafuta mama yake, na sasa anazuiwa, hajui na nani.

Bi Sikudhani hakumkimbilia. Nilidhani angekimbia. Alinivuta uani taratibu, akasimama hatua tano mbele yake, begi mkono mmoja, mkono mwingine bado mkononi mwangu.

"Hodi," akasema.

"Ndiyo, bibie," akajibu msichana, macho chini. Ndivyo wanavyofundishwa. Katika nyumba ya tajiri Lulu hana wa kumkaribisha.

"Mwinjuma!" ikaita nguzo. "Yuko wapi huyu? Mwinjuma!"

"Hodi, Mwanaidi," akasema mama tena, taratibu. "Hodi, mwanangu. Hodi ya tatu hii, na kwetu mgeni hapigi ya nne."

Msichana akainua macho. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, na naona hakuupata uso ule aliouona mara ya mwisho akiwa na miaka sita. Kisha macho yakashuka kifuani, kwenye lile jina la uzi mweupe, yakarudi kwenye la kwake. Midomo ikajaribu neno, ikalikosa, ikajaribu tena.

Jina langu liliitwa mara ya tatu, kwa hasira sasa, mji mzima ukisikia. Kila mtu aliyelelewa na bibi anajua kwamba mtu akiitwa mara tatu lazima aitike. Nilifumba mdomo. Mtu huyo hakuwapo.

"Karibu," akasema msichana.

Nikauachia mkono wa Bi Sikudhani. Kwa mujibu wa Kanuni ya 41, kazi yangu ilikuwa imekwisha.